Daftari la Magari

Nilikuwa ni karani,
wino wangu kidoleni,
kalamu i sikioni,
mlinzi wa daftari.

Divisheni ya injini,
ndilo jina la nemboni;
mia tisa hesabuni,
ndiyo idadi ya gari.

Mia tisa za kusoma,
mia mbili za kuvuma;
zilizosalia nyuma
zilikuwa ni habari.

Tukaondoka Verona,
garimoshi likinguna,
siku nane za kubana,
kisha mguu ni gari.

Nyika haina kificho,
alizeti kama macho
zatutazama kijicho,
wageni wasio heri.

Tukala asali yao,
kuku na viazi vyao,
nikagawa hati zao
zisizolipwa dinari.

Jenerali kahutubu
pipani, bila aibu:
"Magari yapo karibu,
mzidi tu kusubiri."

Na Olivo Sabadini,
mzaliwa milimani,
alipaka ubavuni
"Zelinda", jina la lori.

Zelinda ni nyumbu wao,
aliyebeba mazao
ya ndugu na mama yao,
akafa bila dosari.

Vuli ikaja na mvua,
tope likatuzingua;
magurudumu hujua
nchi ipi ya kaburi.

Baridi ikaja kali,
mafuta yakawa jeli,
moto chini ya dizeli
twawasha alfajiri.

Hata wino uligoma;
nikaupakata kama
mwana mwenye kutetema,
nipige japo mstari.

*

Mto Doni ukafunga.
Vifaru, theluji, anga,
vyote rangi moja: unga,
vikatujia kwa shari.

Simu ililia mara,
sauti isiyo sura:
"Chomeni bila harara
kila chenye matairi.

"Na karani ahakiki:
pasina hati na chaki
gari moja halifuki.
Hiyo ndiyo tahadhari."

Jenerali wa pipani
alishakuwa angani;
na mbwa wake mapajani
akaondoka kwa siri.

Nikazunguka na taa,
nikahesabu mkaa
uliokuwa bidhaa
ya serikali, magari.

Olivo akanong'ona:
"Langu wewe hukuona.
Majeruhi nitabana
kumi na sita kwa lori."

Pale penye namba yake
nikaacha wazi, pake,
kosa langu peke yake
la miaka, la fahari.

Zelinda akanguruma,
taa zake tumezima,
nyuma wenye kulalama
wakiomba tu sukari.

Siku ya pili, mchana,
tangi likasema, "Sina."
Kumi na sita wa jana,
kenda walishasafiri.

Mbele moshi wa kijumba.
Tukavuta kwa makamba
wale saba, kama pamba
iliyoloa shubiri.

Bi Lukeria, ajuza,
mlango akalegeza;
sisi tuliomliza
akatupa, kwa hiari,

viazi na maji moto;
kisha kisu cha mtoto
aliyemezwa na mto
kikachanja matairi.

Zelinda akawa soli,
jozi saba, jozi mbili;
kamba ya mbuzi wawili
tukafunga; na kwa heri.

Nyayo zetu thelujini
zilikuwa za injini;
adui angeamini
yapita bado magari.

Na hapo tukawa kweli
lile jina la awali,
watu wa tairi mbili,
kila mmoja ni gari.

Olivo alibakia
reli ilipoanzia,
kiganja kimekunjia
ufunguo wa safari.

*

Amani ilipokuja,
wizarani pana hoja:
"Gari sitini na moja
li wapi? Tunasubiri."

Nimekaa na kalamu,
wino tele, nina hamu,
ila jibu la kudumu
halitoshi mistari.

Ukutani zipo soli,
mke wangu hazijali;
zanuka bado dizeli
pale penye msumari.

Nikaandika: "Mkuu,
lilivaliwa miguu,
likavuka nchi kuu.
Andika: liko safari."