Mimi Ndiye Mvua ya Mawe

Kila Jumanne ya kwanza ya mwezi
mimi ndiye mvua ya mawe.
Napanda kichanja cha vyombo nyuma ya jiko,
debe la mahindi makavu ubavuni,
namsubiri Mwalimu Subilaga aguse kofia yake
ndipo narusha:
ukufi mmoja, wa pili, kisha debe zima
juu ya bati la kituo chetu hapa Isongole,
na ndani watoto ishirini na wawili wananyamaza
kama vifaranga walioona mwewe.

Rimu ya lori inagongwa mara tatu.
Mbali na dirisha. Chini ya meza. Mikono kisogoni.
Lugano hucheka huko chini mpaka anashikwa na kwikwi.
Tumwitike huuliza kama kunguru naye ana meza.
Kisha kamba ya katani, kila mtoto na fundo lake,
safari ya kwenda stoo ya matofali.
Gwakisa, miaka minne, ana fundo la mwisho,
naye hulitia mdomoni.

Mwenyekiti wa kitongoji alipita, akacheka:
"Mvua ya Rungwe mnaifanyia mazoezi?"
Mama mmoja akasema tunaiita, kitajwacho huja.
Sikujibu. Nilikuwa naokota punje zangu
nikigombana na kuku,
maana ndizo uji wa Jumatano.

Sikuwaambia kwamba mwaka ule,
bati la darasa letu lilipofunuka,
mwalimu wetu alikimbia wa kwanza.
Simlaumu.
Hakuna aliyewahi kumwonyesha pa kutupeleka.

Ilikuja Alhamisi.
Haikungoja mtu aguse kofia.
Mlima ulikuwa umejifunika hadi kidevuni,
baridi ikatambaa chini ya mlango,
mwanga,
Subilaga akahesabu: moja, mbili, ta—

Mawe kama parachichi changa.
Sikusikia rimu.
Nilimwona kashika nondo, mkono umeganda hewani,
mdomo wazi.
Na katikati ya kishindo kile Lugano, bila kicheko:
"Mbali na dirisha!"
kwa sauti ya Subilaga mwenyewe,
ya puani kidogo, kama yake.
Wakaingia chini ya meza, wote.
Kioo kikamwagika juu ya mkeka wa hadithi.
Mkeka ulikuwa mtupu.

Kamba ilikuwa ya baadaye, mvua ilipochoka.
Stoo ilikuwa giza. Tulihesabu kwa kupapasa,
fundo, kiganja, fundo, kiganja,
na la mwisho nililikuta limelowa mate.
Hapo ndipo nilipokaa chini.

Daftari la simu lilikuwa juu ya kabati,
ndani ya nailoni, kavu.
Namba tatu hazikupatikana.
Baba yake Tumwitike hakungoja kupigiwa,
alitokea shambani na kapu la chai bado mgongoni,
limejaa barafu.

Wiki mbili zikapita. Fundi Ambakisye alikuwa juu,
anang'oa bati lililotoboka.
"Mpishi! Nani kapanda mahindi kwenye gata?"
Nilipanda kuangalia. Kweli:
miche kumi na mmoja, kijani, katika tope la majani.
"Ng'oa," nikasema, "gata likiziba tutalala majini."
Akaniletea mkononi, mmoja mmoja.

Nimeipanda nyuma ya jiko.
Gwakisa anapaita shamba la mvua ya mawe,
na kila asubuhi anakwenda kuihesabu,
anafika tano, anarudia.