Safu Tatu

Daftari la hesabu, kurasa sitini na nne,
jedwali la kuzidisha limechapwa nyuma ya jalada.
Nimelipiga rula mara mbili, zikatoka safu tatu:
ya kwetu, ya Waingereza,
na ya kwao Dokta Remedios
aliyeshuka kwenye landkruza ya misheni mwezi wa saba,
upepo wa Mlowa ukamvua kofia kabla hajasalimia.

Zamu ya usiku. Wodi inakoroma.
Taa ya sola inanikonyeza, nami nakariri
kama mtoto wa kipaimara:
homa, fiva, fyebre.
Damu, bladi, sangre.
Mfupa, boni, weso. Weso, weso,
naitafuna kama karanga mbichi.
Kifua ni pecho; nimeandika pembeni kwa penseli:
pecho, kama kikohozi kinavyopekecha.

Kiingereza nilikaa nacho miaka minne sekondari ya kata.
Kikanipa D
na sentensi moja ya kuombea ruhusa ya chooni.
Nilijua simba ni nani na sungura alimfanya nini.
Panapouma,
hakuna aliyenifundisha kupauliza.

Jumatatu akaja Bibi Mbeleje kutoka Ndogowe,
ameanza safari jogoo hajawika,
kanga ameifunga tumboni fundo mbili
kama mtu anayezuia kitu kisitoke.
Dokta akaweka kiganja chini ya mbavu, akauliza taratibu:
Dolor? Dolor?
Bibi akanigeukia.
"Mwambie dola sina.
Nina karanga debe moja. Kuku yupo, ila ni wa mjukuu."

Nilicheka hadi kipimajoto kikaniponyoka.
Nikamwambia, Bibi, hiyo dolor ni maumivu.
Akanyamaza. Akalipima neno.
"Ah. Basi hiyo ninayo. Benki nzima."

Yanauma kiasi gani?
"Yanauma sana."
Uso wa Dokta ukang'aa, kalamu ikasimama hewani.
Sana? akarudia. Sana?
Maana huko kwao sana ni mwanamke mzima,
asiye na kidonda wala homa,
wa kurudishwa nyumbani na mkono wa heri.
Nikatikisa kichwa mpaka kofia ya unesi ikapinda.
No, Dokta. No sana. Hii sana yetu ni ile mbaya.

Tukabaki watatu, na tumbo moja, na neno lililokataa kazi.
"Linaninyonga," Bibi akasema,
"kisha linaachia,
kisha linarudi kama mtu aliyesahau fimbo yake."
Nikafungua daftari. Kunyonga:
safu ya pili tupu, ya tatu tupu.
Nikachukua kitambaa kilicholowa kwenye beseni
nikakikamua polepole mbele ya macho yao,
maji yakatiririka sakafuni.
"Hapo hapo!" Bibi akapiga paja.
Na Dokta akaandika, mistari miwili,
kwa mwandiko ambao hata Mhispania hausomi.

Usiku ule nikaligundua daftari lake,
limesahauliwa kando ya mizani ya watoto.
Naye amepiga rula.
Meza, ameandika, ni meza, kama kwetu.
Chini yake, kwa wino mwingine, wa siku nyingine:
meza, pia ni kidonge kushuka kooni.
Na chini kabisa, alama tatu za kuuliza.
Nikaona haya, kama niliyemkuta mtu mzima
akijifunza kutembea gizani.
Nikalifunga. Nikalifungua tena,
nikamsahihishia "kiziwa". Alikusudia kizazi.

Alhamisi Bibi alivaa viatu mwenyewe.
Dokta akanitazama mimi, si yeye; akasubiri.
Nikatafuta kwenye safu zote tatu,
nikasema: Sana, Dokta.
Safari hii ile ya kwenu.

Mlangoni, upepo ukiyumbisha pazia,
debe lilikuwa limekwisha tuliwa chini,
karanga hadi ukingoni, na udongo wake mwekundu.
"Mwambie," Bibi akasema bila kugeuka,
"ile dola yake ndiyo hiyo."