Chini ya Sakafu ya Kelele

Magesa, wewe uko Nansio, mimi Kirumba,
na kati yetu maji,
na juu ya maji karai zima la kelele:
mchomeleaji wa mageti asiyejua usiku,
chaja za taa za wavuvi wa dagaa,
stesheni tatu zinazohubiri kwa zamu,
friji ya Mama Ng'washi inayokohoa kila inapoamka.

Antena nimeifunga juu ya jabali nyuma ya nyumba.
Waya umepenya dirishani
hadi kwenye kisanduku kisichozidi kiberiti,
na kisanduku chenyewe hakijui kitu:
kinameza mawimbi, kinatapika namba,
milioni mbili kila sekunde.
Redio ni ile programu,
mistari mia mbili na kumi na saba
niliyoiandika nikitafuna karanga.

Mwanzo tulidhani dawa ni kupayuka.
Ukaongeza nguvu; betri ya pikipiki ikakata roho
kabla ya herufi ya pili,
nami nikamsikia mchomeleaji tu.

Ndipo nikawaza dagaa.
Ukiwarundika, wanaoza pamoja.
Mama huwatawanya mchangani,
nyembamba, nyembamba,
hata ukisimama mbali
hujui wapi samaki, wapi mchanga.
Kunguru adonoe anavyotaka,
hawezi kuumaliza ufuko.

Basi biti moja nimeivunja
vipande mia na ishirini na saba,
kingine nimekipindua, kingine nimekiacha,
kwa msimbo tunaoujua wawili,
kama kile kinyume cha darasa la nne,
silabi ya mwisho ikitangulia:
ziwa tukaliita wazi,
na mwalimu akakaa katikati yetu asiambulie neno.

Sasa sauti yako haina kimo.
Inatambaa chini ya sakafu ya kelele
na walio juu wanacheza, wanavuta viti,
hawahisi kitu nyayoni.

Kuipata, hilo ndilo lililonila wiki tatu.
Unamkumbuka mjomba Lushinge, ngoma za mavuno kule Kisesa?
Makundi mawili, uwanja mmoja, kila upande unapiga umzime mwenzake.
Yeye alifumba macho,
akagonga goti kwa mdundo wa kwao,
na ngoma ya wapinzani ikawa upepo.
Nami nagonga goti.
Nauweka msimbo juu ya kelele, nazidisha, najumlisha.
Sifuri, au jirani yake.
Nasogeza kipande kimoja.
Hamna.
Kimoja tena.
Hamna.

Saa yako na saa yangu, pacha wa duka moja la Makoroboi,
hazipatani: yako ikipata joto inakimbia,
na msimbo uliokaa sawa sasa hivi
ukiugeuzia kisogo umeshateleza.
Nikaandika mstari wa kuifukuza.
Nikaufuta. Nikauandika tena, alama ya kutoa
mahali nilipokuwa nimejumlisha
(usicheke).

Saa tisa usiku.
Skrini bapa kama maji yasiyo na upepo,
halafu, katikati, bila kelele,
jiwe.
Jiwe moja limechomoza,
jembamba, limesimama,
kama mawe ya mji huu yanavyosimama
bila kumweleza mtu yalipanda vipi.

Nilishika meza. Mchomeleaji hakuacha.
Friji ilikohoa.
Herufi zikaja moja moja, kwa mwendo wa konokono.
Tulikubaliana utume kasi ya upepo, Magesa,
namba mbili tu,
wenye mitumbwi wajue kama watoke.
Umetuma herufi saba na alama ya kuuliza:

UMEKULA?

Nimetazama sufuria. Maganda ya karanga yamejaa kibodi.
Kesho, tafadhali, upepo.
Usiku huu nageuza redio iseme badala ya kusikia,
natawanya jibu langu juu ya ziwa lililo wazi,
vipande mia na ishirini na saba kwa kila biti,
dogo, la kinyume,
asilipate mwingine:

DOBA.