Bado

Hodhi la plastiki, la buluu, ukingo umepasuka.
Kandoni regulata kumi na moja zachuruzika maji
kama pweza waliotoka kupigwa mwambani.

Kwanza kifuniko.
Salvina anakipuliza kwa hewa ya mtungi, fyuu, kikauke,
anakikaza kwa kidole gumba,
maana tone moja likipenya humo
shaba huota ukijani kimyakimya,
na hakuna ajuaye
mpaka mita thelathini chini, pumzi inapokuja nusunusu.

"Usibonyeze hicho kitufe!"
Indri, kijana wa likizo, anashtuka.
"Ukikibonyeza majini umefungua mlango.
Chumvi haibishi hodi."

Anageuza vinywa vya mpira kimoja kimoja.
Huyu ameng'ata kwa hofu, meno yamezama.
Huyu, daktari wa Kidenmaki, ameacha chembe za biskuti.
Wageni anawajua kwa meno kabla ya majina.

Ng'ambo ya barabara baba yake, Wistin,
anakokota reki kwenye mabwawa ya chumvi
yaliyochongwa jiweni na babu wa babu.
Kiangazi kizima anaibembeleza bahari iache kitu.
Binti, chini ya jua lilelile la Gozo,
anaisihi isiache chochote.
"Mimi naivuna, wewe unaimwaga,
nyumba hii itakula nini?"

Lakini saa kumi na moja huvuka barabara na ndala zake,
huchovya kidole hodhini, hukilamba,
hufumba macho.
Kuogelea hajui. Hajawahi kulowa kupita magoti.
Ila ulimi wake una miaka sitini kazini.

"Bado."

Maji kisiwani hapa ni ghali,
mita huzunguka kama inayodaiwa.
Salvina anamwaga. Anajaza upya, ya uvuguvugu.
Kesho mtu asiyemjua ataitia hii kinywani
na kuiamini kama mtoto aaminivyo titi.

Kidole tena. Ulimi.
Mzee anajifuta suruali.
"Haya ni maji," anasema, na kurudi kwenye reki.

Zinaning'inia kivulini, mipira haikukunjwa,
zikidondosha, zikidondosha, kisha hazidondoshi.

Usiku, mezani, mchuzi wa maboga.
Salvina anaonja kwa ncha ya kijiko, anafumba macho.
"Bado," anasema,
na Wistin, bila neno, anaingiza mkono mfukoni.