Mgawo

Mpima ardhi alikuja Jumanne, na mnyororo wake na mwavuli,
akanywa chai, akasifu maandazi yangu ya asali ya mnazi,
akachomeka vigingi.
Kamba ikapita pale pale nilipopaogopa:
mfenesi huku, mshelisheli kule,
na katikati mimi, mjane wa Wijepala, nimeshika birika.

"Shemeji, chagua," akasema Jinadasa,
na macho yake yalikwisha kuchagua,
yamepanda shina la mfenesi, yanapasua mbao.

Bei niliijua. Nani hapa Weligama asiyeijua?
Mbao za manjano kama kiini cha yai.
Mlango wangu ni mfenesi, kitanda nilichozalia ni mfenesi;
vumbi la msumeno wake watawa wakilichemsha
hutoa rangi ya mashuka yao.
Mchwa huzionja wakaghairi.
Na mwaka ule mchele ulipotushinda
tulikula fenesi bichi asubuhi, fenesi bivu mchana,
usiku tukachoma kokwa jivuni, tukijidai tumeshiba.

Mshelisheli una nini?
Mbao nyepesi, za kukatia samaki.
Tunda lake likikomaa halingoji mtu:
leo limeanguka, kesho kutwa linanuka.
Ulichemshe na tui sasa hivi,
la sivyo ng'ombe wa jirani anakushukuru.

Lakini mama mkwe, Hinnihami, alinifundisha kuisoma.
Siku niliyoletwa kutoka Welimada,
kule juu ambako maji ya mtungi yanauma meno,
alinizungusha uani kabla sijavua viatu.
"Huyu," akaupiga mfenesi kofi kama mbavu za fahali,
"mpande mbegu pale pale atakapofia.
Mzizi wake ni mmoja, mrefu; ukimhamisha ananuna,
miaka mitatu haongezi jani.
Baridi ataivumilia, kiangazi atauma meno kipite,
ila maji yakimtuamia miguuni, basi.

"Na huyu hana mbegu. Hana kabisa.
Mama yake alijeruhiwa mzizi, ndipo akatoka yeye.
Anataka joto, mvua, mchanga hata wenye chumvi kidogo.
Kwenu milimani atakufa."

Nilicheka, maana alikwisha kufa.
Baba aliwahi kununua chipukizi moja sokoni;
usiku tulilivika gunia kama mtoto mwenye kifua.
Januari haikulionea haya.

Mwaka wangu wa kwanza pwani nililala nikinuna.
Wa pili, sijui lini, nikashika.

"Mshelisheli," nikasema.
Jinadasa akamaliza chai yake kwa mkupuo mmoja,
nisije nikabadili nia.

Kibali cha kukata kilichukua miezi minne, safari tano za ofisini.
Msumeno ulichukua nusu siku.
Sikutoka nje. Nilikaa nikiutazama mlango.

Kisha akachimba mtaro wa mpaka, kina cha kiuno,
ili kesho mtu asije akadai.
Jembe likakata mizizi bila kuuliza ni ya nani,
utomvu mweupe ukavuja udongoni,
watoto wakauchovya vijiti kutengeneza ulimbo.

Mvua za Mei zikaja.
Leo nimehesabu, nikiwa nimesimama kwangu:
machipukizi kumi na moja,
yote ng'ambo ya mtaro,
majani yamekatika vidole vidole.

Jioni amekuja, kofia mkononi.
"Shemeji, hivi hii miche ni ya nani?"

Sikumjibu. Nilikuwa nimepiga magoti nyuma ya jiko,
mahali penye mwinuko, pasipotuama maji,
nikipima kwa shubiri umbali kutoka ukutani.
Kokwa ya fenesi nililonunua sokoni, bado inateleza.
Nina miaka sitini na miwili; shimo hili sitalirudia.

"Nipe hayo maji," nikamwambia.
"Si mengi."