Aliyesukwa Nyoka

Saluni ya Minza iko Mabatini, chini ya jabali
lililokaa juu ya jabali jingine
kama mtu aliyesahau kushuka.
Harufu ya rasta zikichomwa ncha,
nami kitini, kitabu cha shule ya jioni mapajani.
"Nisomee," anasema. "Mikono ina kazi, masikio hayana."

Namsomea yule mwanamke wa Uyunani
(jina lake lina miiba, limenikwama kama furu)
aliyeviziwa na mungu wa bahari
ndani ya hekalu, taa zikiwaka.

"Na huyo mungu?"
Alirudi majini, akaoga.
Aliyeadhibiwa ni mwanamke:
nywele zikawa nyoka,
na kila aliyemtazama usoni akageuka jiwe.

Minza anachungulia dirishani, mlima mzima.
"Kumbe ndiyo maana Mwanza tuna mawe mengi."
Tunacheka. Hata muuza dagaa mlangoni anacheka,
ndoo ikimtikisika kichwani.

Kisha nafika kwa shujaa.
Viatu vya kuazima, panga la kuazima,
ngao iliyosuguliwa hata ikawa kioo
ili asimtazame.
Akamkuta amelala.

Kitana kinasimama.

"Bibi yangu Ngolo," anasema Minza,
si kwangu, kwa kioo,
"alipikia mavi ya ng'ombe miaka arobaini.
Kuni Misungwi zilikwisha zamani.
Moshi ukamla macho,
yakawa mekundu kama matamvua ya sangara.
Ng'ombe wa jirani akafa. Mtoto akaharisha.
Watu wakasema: macho yale.
Walikuja wanne, saa nane usiku.
Naye alikuwa amelala."

Nafunga kitabu.
Anakifungua, kwa vidole vyenye mafuta.
"Endelea. Kichwa alikipeleka wapi?"

Alikitia mkobani.
Akatembea nacho vitani, akashinda kwa uso wa marehemu.
Hapa wameuita ushujaa.

"Wameuita akina nani?"
Nageuza jalada, nalirudisha.
Hakuna jina litakalomtosha.

Mistari ya mwisho anaisuka polepole, inauma.
Ananishikisha kioo nijione kisogo
na humo nakutana na macho yake:
mekundu. Moshi wa rasta, labda.
Nayatazama.

"Elfu kumi na tano," anasema.
"Na kitabu kiache mpaka Jumamosi.
Nataka kurasa za mwanzo,
nimwone akiwa macho."