Chama cha Jumanne

Nimeambiwa mimi ni mwanachama.
Simu ndiyo iliyoniambia: nilibonyeza nyota,
nikatia nambari ya kitambulisho,
nikangoja uji ukitokota,
na jibu likaja: umo, tangu mwaka juzi,
katika chama ambacho hata rangi yake
siijui vizuri, kama ni zambarau au buluu iliyopauka.

Mimi, mweka hazina wa wanawake kumi na tisa,
ninayeandika jina la mtu kwa wino
mwenyewe akiwa mbele yangu, akitazama!

Basi nimeandika barua ya kujiuzulu
mahali ambapo sikuwahi kuvua viatu mlangoni.
Nimeachika kwa mume nisiyemjua,
na eda yake sijui ni siku ngapi.

Mwanangu Twalib asema, Mama, ingia popote,
vyote vyapakua chungu kimoja.
Lakini mimi, nyumba yangu ya Majengo
ni nyumba bila ardhi.
Kuta zangu, mabati yangu, mlango nilinunua mimi;
mchanga ulio chini ya kitanda una mwenyewe,
na kila mwezi mtu wake huja na risiti.
Najua kukaa juu ya kitu kisicho changu.
Sitaki na imani yangu niijenge hivyo.

Nikachukua daftari la kurasa tisini na sita,
nikapiga mistari kama ya michango,
juu nikaandika: Ardhi. Maji. Hesabu. Majirani.
Nikavisoma vyama.

Cha kwanza kilinisisimua mwili.
Kilisema ardhi kama niisemavyo mimi usiku,
neno kwa neno, hata mtu wa risiti kilimtaja.
Nikaenda mkutanoni Tononoka, nikapiga makofi
mpaka pete ikanibana kidole.
Kisha msemaji akashusha sauti, akauliza,
hawa waliokuja juzi, kwao watarudi lini?
Watu wakacheka. Nami, niseme kweli,
makofi yangu yalichelewa kusimama.
Mutindi akaa chumba cha nyuma, kwangu.
Twalib alipozaliwa, mikono yake ndiyo iliyompokea.
Hiyo juzi yake ina miaka thelathini na mmoja.

Cha pili hakimfukuzi Mutindi.
Hakimfukuzi mtu, hakimgusi mtu,
wala mtu wa risiti hakimgusi.
Kina leso nzuri, lakini. Nimepewa mbili:
moja nimeikata matambara ya jikoni,
moja nimeificha.

Cha tatu kina kijitabu chembamba.
Ukurasa wa kumi na moja nimeusoma mara nne:
ardhi ipo, na Mutindi yumo,
na hesabu zao wamezianika senti kwa senti. Zatia huruma.
Nikauliza njia. Ofisi iko nyuma ya Mwembe Tayari,
ghorofani, juu ya muuza viazi karai.
Kufuli. Kufuli lenye kutu.
"Wale?" akasema, akigeuza viazi. "Huja wakipata nauli."

Nilisimama pale kwenye ngazi.
Wapo wasemao kura ya chama kidogo
ni chumvi umeitia baharini.
Huenda. Lakini hata chama chetu
tulianza watatu, sufuria ya Kadzo ndiyo benki,
na mwaka wa kwanza tuliibiwa sufuria.

Nikachana karatasi kwenye daftari,
nikaandika: Nina swali, ukurasa wa kumi na moja.
Mwasema ardhi iwe ya wanaoikalia.
Mimi nina mpangaji. Risiti yake naandika mimi.
Je, yeye?
Nikatia nambari yangu, nikaisukuma chini ya mlango.

Leo ni Jumanne. Wanawake wamefika, mkeka umetandikwa.
Mutindi amechelewa tena, dakika ishirini,
na kanuni ni kanuni: shilingi hamsini.
Amelipa akinung'unika. Nimeandika.
Simu iko kifudifudi kando ya daftari.
Imetetema mara moja:
kampuni, yanikumbusha deni.